Ethi ya radi: rodi, waya au pete? Maweni ya Jambiani na kinamo cha Wete

Mwezi wa Februari, jua la kaskazi likiwa bado linachoma, nilifunga kinga ya radi na ethi yake, yaani chuma cha ardhini kinachoumwaga mkondo udongoni, kwenye nyumba mbili. Moja ni ya binamu yangu, Jambiani, Unguja. Nyengine ni ya shemeji, Wete, Pemba, pembezoni mwa bonde la mpunga. Ukizitazama kwa juu utadhani ni pacha: mita 12 kwa 10, tofali, bati, baraza mbele. Kwa hiyo nilinunua vifaa sawasawa, na kila nyumba ikapata rodi mbili za chuma kilichovikwa shaba, urefu mita 2.4, unene milimita 16.

Wete rodi ilizama kama kisu kwenye boflo. Ilikuwa nyundo ya kilo mbili, dakika kumi, basi. Mita ya kupimia ikasoma om 18 (om ni kipimo cha ukinzani, na ndogo ndiyo nzuri). Ya pili niliipiga mita tano kando, nikaziunga, zikasoma om 10 pamoja. Shemeji akaleta chai.

Jambiani rodi ilishuka sentimita 60, ikagusa jiwe, ikaanza kulia. Niliendelea kupiga kwa ukaidi mpaka kichwa chake kikachanua kama uyoga na kiuno kikapinda. Mita ikasoma om 1,700 na ushei.

"Ongeza ya tatu, kaka," binamu akasema. "Na ya nne. Hela ya rodi ninayo."

Hela anayo, sikatai. Lakini kiwanja kile kingemla rodi kumi na bado asifike pale alipofika shemeji kwa mbili. Kila nikiulizwa "ethi gani nzuri?" namjibu muulizaji kwa swali: umejenga wapi?

Ardhi yenyewe kwanza

Umeme ardhini hubebwa na maji yenye chumvichumvi zilizoyeyuka baina ya chembe za udongo. Jiwe kavu halibebi karibu chochote. Mafundi hupima ukinzani wa udongo kwa om-mita, na nambari ikiwa ndogo ndiyo afadhali. Maji ya bahari ni kama 0.2. Kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, kikiwa na unyevu huwa baina ya 10 na 100, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno na hushika maji. Kichanga huenda mamia, kikikauka hupita hapo. Maweni, yaani mwamba wa matumbawe wa pwani ya mashariki na kusini ya Unguja, na kule Pemba upande wa Micheweni, hufika elfu na zaidi pale yanapokuwa makavu.

Wakulima wetu walishaigawa ardhi hii zamani kwa majina yao: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni. Waliigawa kwa ajili ya muhogo na mpunga, lakini mgawo ule unamfaa fundi umeme vilevile. Mzee akikwambia "hapa ni maweni matupu", ameshakupa nusu ya kipimo.

Nusu ya pili unaipata kwa vijiti vinne vya chuma vilivyopangwa mstari mmoja, masafa sawa. Viwili vya nje vinapitisha mkondo, viwili vya ndani vinasoma volti, mita inatoa om. Vikiachana mita mbili, zidisha om hizo kwa 12.6. Jambiani nilisoma om 111, sawa na om-mita 1,400. Wete nilisoma 3.6, sawa na 45. Nyumba ni zile zile mbili, lakini ardhi zimetofautiana mara thelathini.

Usimruhusu mtu akupimie ethi mwezi wa Mei. Masika ikishalowesha ardhi kila kiwanja kinapendeza. Pima mwishoni mwa kaskazi, kabla ya mvua, kwa sababu ngurumo za mwanzo wa masika huja ardhi ikiwa bado kavu, na hizo ndizo zitakazoijaribu ethi yako katika hali yake mbaya kabisa.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Hesabu hizi nimezifanya kwa udongo ulio sawa juu mpaka chini, jambo ambalo kwenye kiwanja halitokei mara nyingi, lakini zinaonyesha uwiano. Pete ni waya uliozunguka nyumba kwa umbo la mita 14 kwa 12, kina nusu mita.

| Ethi | Kinamo (om-mita 45) | Kichanga (om-mita 300) | Maweni (om-mita 1,400) |
|---|---|---|---|
| Rodi moja ya mita 2.4 | om 18 | om 121 | om 570 |
| Rodi tatu, mita 5 baina yao | om 7 | om 46 | om 210 |
| Waya wa mita 20 uliolazwa | om 4 | om 26 | om 120 |
| Pete | om 2 | om 13 | om 60 |

Isome safu ya mwisho kwa utulivu. Om 570 za rodi moja ni kama umeweza kuizamisha yote, yaani umekodi mashine ya kutoboa mwamba. Tatu zinakupa 210, na mashine hiyo umeilipa mara tatu. Waya uliolazwa kwenye mfereji tu, bila kutoboa kitu, unazipita rodi tatu. Na ukiuzungusha nyumba nzima, unashuka hadi 60.

Kwa hiyo kwenye kinamo rodi ni mfalme. Ni rahisi, inakwenda chini kwenye unyevu usiokauka, na kazi inakwisha kabla ya adhuhuri. Tahadhari yake ni moja: kinamo hupasuka kiangazi, na zile nyufa huiacha shingo ya rodi ikining'inia hewani. Basi rodi fupi za mita moja na ushei zinazouzwa rahisi usizinunue hata kwenye udongo mzuri, kwa sababu nusu yake itakuwa ndani ya tabaka linalopasuka.

Kwenye kichanga kirefu rodi bado zinafaa, ila zisipigwe karibu karibu kama vigingi vya ua. Umbali baina yake uwe angalau mara mbili ya urefu wake, la sivyo zinagombania udongo ule ule.

Kwenye maweni, pete. Kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, nacho kinasema hivyo hivyo kwa mwamba mtupu: zungusha waya, au tumia msingi wa nyumba.

Kisima? Nimeulizwa mara nyingi, maana visima vya pwani vina maji ya chumvichumvi na mita ikiingia mle inacheka. Ni kweli inacheka. Lakini pale kisimani kuna mtu ameshika kamba iliyorowa, miguu peku. Sifungi ethi ya radi kwenye kisima cha kuchotea maji, na sitamfungia mtu.

Msingi wenye nondo

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mhandisi wa Marekani, Herbert Ufer, alitakiwa kukinga maghala ya mabomu katika jangwa la Arizona, mahali ambapo mvua ni adimu na rodi hazifai kitu. Akatumia nondo za ndani ya msingi wa zege. Zege hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuushika, hivyo nondo zake huwa zimekaa ndani ya kitu kinachopitisha umeme vizuri kuliko jangwa lililozunguka. Alipozipima miaka mingi baadaye bado zilikuwa zinafanya kazi.

Kwetu ni chaguo zuri kwa anayeanza kujenga, kwani msingi mzima wa nyumba hukaribia pete kwa nguvu, na nondo umeshazilipia. Lakini lina masharti matatu yanayotuangusha. Kwanza, nyumba nyingi za shamba zina msingi wa mawe na saruji bila nondo hata moja; ukanda wa zege uko juu ya madirisha, mbali na ardhi. Pili, mafundi hutandika nailoni chini ya jamvi ili unyevu usipande, na nailoni hiyo inaukatia umeme njia pia. Tatu, mchanga wa pwani. Zege lililochanganywa kwa mchanga wa bahari lina chumvi, chumvi inakula nondo, na ethi yako inageuka unga mwekundu usioonekana. Ukitaka njia hii, mwambie fundi kabla ya kumwaga zege, atoe ulimi wa shaba au chuma kisichoshika kutu utokeze nje ya ukuta. Baada ya kumwaga, mazungumzo yamekwisha. Nyumba ya binamu ilikuwa imesimama miaka sita.

Radi si umeme wa soketi

Mita yangu inapima kwa mkondo mdogo unaokwenda taratibu. Radi ya kawaida ni kama kiloampia 30, yaani ampia 30,000, na inapanda kufika kileleni ndani ya mikrosekunde chache (mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde). Kwa kasi hiyo kila mita ya waya huupinga mkondo: ukipanda kwa kiloampia 10 kwa mikrosekunde, utaweka karibu volti 10,000 kwenye kila mita. Ndiyo maana waya wa kushuka ukutani uwe mnyoofu, bila kuzungushwa kama kamba ya kuanikia nguo. Nimeona mahali fundi amebakiwa na waya mrefu akaukunja mizunguko minane nyuma ya bomba "upendeze". Mizunguko ile radi haitapita, itaruka ukutani.

Hapa ndipo ardhi inapofanya kituko chake. Kwenye udongo unaopitisha vizuri, mkondo unavuja haraka karibu na mahali ulipoingilia, na mita za mbali za waya hazipati kitu kabla ya kilele kupita. Kwa kinamo cha Wete urefu unaofaa kwa mpigo wa mikrosekunde moja ni kama mita 9 au 10. Kwa maweni ya Jambiani ni kama mita 50. Kwa maneno mengine, ungemlazia shemeji waya wa mita 40 kwenda shambani, mita ingefurahi na radi isingejua kama waya huo upo. Yeye anahitaji njia fupi kadhaa zinazotoka hapo hapo waya unaposhukia. Binamu, kinyume chake, ana haki ya kutandaza.

Tena mwamba mkavu una tabia ya kapasita, kile kifaa kinachopitisha mkondo unaobadilika haraka tu. Kwa mabadiliko ya kasi ya radi, sehemu ya mkondo hupita ndani yake kama inavyopita kwenye kapasita ya redio, bila kuhitaji chumvi wala maji. Nilipiga hesabu kwa marudio ya megahezi moja: Jambiani njia hiyo inakaribiana na njia ya kawaida, Wete ni sehemu ndogo tu. Juu ya hayo, mkondo mkubwa hupasua hewa iliyomo kwenye vinyweleo vya udongo na kuifanya rodi "inenepe" kwa muda mfupi. Kwa hiyo ardhi mbaya, radi inapopiga, huwa si mbaya kama mita inavyodai. Sijengi juu ya fadhila hiyo, lakini inanizuia kupoteza fedha za mtu kwa kukimbiza nambari.

Kilicho muhimu kuliko om

Chukua om 10 za Wete, nambari ambayo kila mtu angeipigia makofi. Kiloampia 30 mara om 10 ni volti 300,000. Nyumba ya shemeji yenye ethi nzuri itapanda volti laki tatu. Anayenusurika ananusurika kwa sababu nyengine.

Fikiria ngalawa bandarini. Maji ya bamvua yakijaa, vyombo vyote vilivyo juu ya maji hupanda pamoja na hakuna anayejali yamepanda kiasi gani. Kinachozama ni kile kilichofungwa kwa kamba fupi kwenye gati. Nyumba ni hivyo hivyo. Bati, nondo, mabomba ya chuma, ethi ya umeme, ethi ya radi, fremu ya tangi la maji, vyote viungwe viwe kitu kimoja, vipande pamoja. Kamba fupi ni zile zinazotoka nje: waya wa umeme kutoka nguzoni, kebo ya dishi, bomba la jirani. Hizo zinakuja na volti za mbali, na ndizo zinazounguza televisheni na kumrusha mtu aliyeshika bomba. Kwenye boksi la sakiti breka weka kinga ya mkupuo, kifaa kinachokaa kimya mpaka volti zipande kupita kiasi kisha kikazimwaga kwenye ethi. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja, rodi ya tatu au kinga ya mkupuo, nunua kinga.

Kosa baya kuliko yote nililolikuta, na nimelikuta zaidi ya mara moja, ni ethi mbili zisizojuana: ya radi upande wa magharibi, ya umeme upande wa mashariki, na fundi akijisifu kwamba ameitenganisha radi na nyumba. Ameifungia nyumba kamba fupi kwa mikono yake.

Chumvi na mkaa, au bentonaiti?

Chumvi inashusha nambari siku hiyo hiyo. Nimeona om 120 zikawa 50 mbele ya mwenye nyumba, akalipa kwa furaha. Masika mbili baadaye chumvi imeshaoshwa, na kilichobaki ni rodi iliyoliwa. Mkaa unashika unyevu kidogo, lakini ukigusa chuma unaharakisha kutu. Bentonaiti ni aina ya udongo wa kinamo unaovimba ukipata maji. Ukilowa hushuka hadi karibu om-mita 3, na hauli metali. Kasoro yake ni kwamba ukikauka unanywea na kuachana na rodi, kwa hiyo uweke kwenye shimo refu lenye unyevu, si kwenye mfereji wa juu juu unaopigwa jua.

Kwa mfereji wa Jambiani nilitumia kitu cha bei nafuu zaidi: udongo mwekundu uliochekechwa, viroba vilivyoletwa kwa gari ya ng'ombe, ukashindiliwa kuuzunguka waya pande zote. Usiufukie waya kwa kokoto za jiwe lile lile ulilolivunja. Utakuwa umeulaza kwenye hewa.

Shaba au chuma cha mabati?

Karibu na bahari nachagua shaba. Chuma cha mabati ni rahisi, na kwenye kinongo cha bara ya kisiwa kinadumu, ila ukikiunga na shaba au na nondo za msingi kwenye ardhi yenye chumvi, zinki ndiyo inayoliwa kwanza. Shaba nayo ina adui wake, na si kutu: ni kijana mwenye kiroba anayekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sehemu ya waya inayoonekana juu ya ardhi ipitishe kwenye bomba la plastiki gumu, au itoe kwa chuma kisichoshika kutu.

Mji Mkongwe ni habari yake peke yake. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa bila nondo, vichochoro ni vya mtu na nusu, pete haina pa kupita. Hapo ni rodi ndefu ndani ya ua, na kazi kubwa ibaki kwenye kuunganisha vyuma na kinga ya mkupuo. Kwa paa la makuti, waya wa radi usiguse makuti kabisa. Simamisha mlingoti pembeni, wenye ethi yake iliyoungwa na ya nyumba kwa chini.

Ng'ombe nao. Radi ikishuka, volti ardhini hupungua kadiri unavyokwenda mbali, na mnyama mwenye miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana mita moja na nusu huzipokea volti za sehemu mbili tofauti, moyo ukiwa katikati. Usimfunge juu ya pete wala chini ya mwembe. Mbele ya baraza, pale waya unaposhukia, mwaga kokoto sentimita 15. Miguu ya watu itakushukuru.

Pete ya Jambiani ilichukua vijana wawili siku nne, kwa sururu na mtaimbo, mita 52 za mfereji, mita moja kutoka ukutani. Siku ya tano nilipima: om 62. Binamu akaitazama mita, akanitazama mimi.

"Shemeji yako kapata kumi."

Nikampa kalamu. Pete ya mita 14 kwa 12 ina eneo la mita za mraba 168, ambalo ukilifanya duara linatoa nusu kipenyo cha mita 7.3. Kwa daraja la kinga la nyumba kama yake, IEC 62305 inataka nusu kipenyo kisichopungua mita 5 bila kujali udongo una om-mita ngapi. Om 10 inazipendekeza, haizilazimishi. Alipiga hesabu ile mara mbili, akakunja karatasi akaitia mfukoni, kisha akaniuliza ile rodi iliyopinda afanye nayo nini. Anaitumia kufungia mlango wa banda la kuku.